Sanduku la spana za babu

Wiki iliyopita niliharibu bolti moja ya breki, na kutokana na bolti hiyo nimejikuta nasoma habari za viwanda vya Uingereza, Vita Kuu ya Pili na magari ya Japani. Najua mtasema huyu mwandishi wa habari ameanza kuchanganyikiwa. Nisikilizeni kwanza.

Babu yangu alikuwa fundi magari Morogoro. Alipofariki, ndugu waligawana vitu vya maana, redio, baiskeli, kile kiti chake cha uvivu. Mimi nikaangukiwa na sanduku la chuma lenye spana, zito kama jiwe la kusagia. Limekaa chini ya kitanda changu hapa Dar miaka yote hiyo bila kazi. Jumamosi nikaamua kubadilisha pedi za breki za Toyota yangu mwenyewe. Kwa nini nimlipe fundi wakati mimi ni mjukuu wa fundi?

Basi nikafungua sanduku, nikachukua spana ya juu juu iliyoandikwa 9/16, nikaijaribu kwenye bolti ya kalipa. Ikaingia. Ilicheza kidogo tu, nikaona haina neno. Nikavuta kwa nguvu zote... ikateleza, vidole vikachubuka kwenye bodi, na bolti ikabaki mviringo kama gololi. Kona zote zimekwisha.

Nikamfuata fundi mmoja mtu mzima kule Gerezani, nikaja naye hadi kwenye gari. Alipoiona spana yangu akacheka.

"Mwanangu, hii umeitoa wapi?"

"Ya babu, mzee."

"Babu yako alikuwa anatengeneza Land Rover. Spana hii haina kosa, wewe ndiye uliyeipeleka nyumba isiyo yake. Bolti hii ni kumi na nne."

Akachukua soketi namba 13, akaipigilia kwa nyundo juu ya ile bolti iliyokwisha kona, akaitoa taratibu, akaniagiza nikanunue bolti mpya. Mimi nikabaki na swali. Kama spana imeingia, imewezaje kuwa si yenyewe?

Jibu la kwanza ni hesabu. Inchi moja ni milimita 25.4. Kwa hiyo 9/16 ya inchi ni milimita 14.29. Tofauti na 14 haifiki hata theluthi ya milimita. Kwa macho huioni. Lakini spana yenye nafasi haigusi bapa la bolti, inagusa ncha za kona tu. Nguvu zako zote zinaishia kwenye ncha hizo, na chuma cha kona kinakatika. Ukiwa unafungua kiti cha baiskeli utachekwa tu. Ukiwa unafungua breki, ni habari nyingine.

Jibu la pili ni refu zaidi, na ndilo lililonifanya nimwage sanduku zima sakafuni. Nilikuta koo tatu za spana. Za kwanza, nyeusi na nene, zimeandikwa mambo kama 1/4W na 5/16BS. Za pili zina sehemu za inchi na herufi AF. Za tatu zina namba tupu: 10, 12, 14, 17. Hizi za tatu zilikuwa chini kabisa, zimefungwa kwenye kipande cha kanga, mpya kuliko zote. Ndiyo, ndugu msomaji, ile 14 niliyoihitaji ilikuwemo sandukuni siku zote. Sikuitafuta.

Tuanze na za kwanza. Mpaka kufikia mwaka 1841, karakana za Uingereza zilikuwa zikitengeneza skrubu kila moja kwa mtindo wake. Bolti ya mashine ya Manchester ikipotea, usitegemee kupata mwenzake London. Joseph Whitworth, fundi mitambo aliyewahi kufanya kazi kwa bwana mkubwa wa mashine za kuchonga skrubu, Henry Maudslay, akakusanya bolti kutoka karakana nyingi, akazipima, akatafuta wastani. Mwaka huo wa 1841 akawaeleza wahandisi wenzake pendekezo lake: mifereji ya skrubu iwe na pembe ya digrii 55, na kila unene wa bolti uwe na idadi yake maalumu ya mizunguko kwa inchi. Wakakubaliana. Reli, meli na viwanda vya dola vikafungwa kwa bolti za Whitworth.

Sasa angalia mtego wake. Kwenye spana ya Whitworth namba haisemi upana wa mdomo wa spana. Inasema unene wa bolti yenyewe. Kwa hiyo spana iliyoandikwa robo inchi ina mdomo wa milimita 13.3, yaani zaidi ya nusu inchi! Baadaye zikaja bolti za mifereji laini, BSF, ambazo vichwa vyake ni vidogo kwa hatua moja. Ndiyo maana spana moja ya babu ina namba mbili, 1/4W na 5/16BS. Kisha wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza wakapunguza pia vichwa vya bolti za Whitworth za kawaida ili kuokoa chuma, mchanganyiko ukazidi. Asiyefundishwa hawezi kubahatisha. Land Rover ilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948 ilikuwa bado inafungwa kwa bolti za ukoo huu, na Land Rover ndizo zilizozagaa kwenye barabara za vumbi za kwetu enzi hizo. Hapo ndipo babu alipoanzia kazi.

Spana za AF zinatoka wapi? Kutoka vitani. Wamarekani walikuwa na skrubu zao tangu mwaka 1864, pale William Sellers wa Philadelphia alipopendekeza pembe ya digrii 60, ambayo fundi wa kawaida angeweza kuichonga kwa urahisi zaidi. Digrii 55 na digrii 60 haziingiliani. Muda wa amani watu walivumilia. Vita ilipokuja, kiwanda cha Packard kule Detroit kikapewa kazi ya kutengeneza injini za ndege za Rolls-Royce Merlin, zenye bolti za Kiingereza ambazo Marekani nzima haikuwa nazo. Ikabidi wajitengenezee hata vifaa vya kuchongea. Fikiria, ndege zinahitajika mbele na watu wanahangaika na mifereji ya skrubu. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zikasaini makubaliano ya skrubu ya pamoja yenye digrii 60. Magari ya Kiingereza yakahamia huko kidogo kidogo, na spana zake zikawa zinapimwa kutoka bapa hadi bapa la bolti. Ndiyo maana ya AF. Ile 9/16 iliyoniumiza ni ya ukoo huu.

Kwa hiyo babu akanunua seti ya pili. Kwa pesa yake.

Hapa kuna kisa kimoja nilichokipenda kuliko vyote. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya silaha ya Kifaransa, Hotchkiss, ilifungua kiwanda Coventry, Uingereza, na mashine zake zilikuwa za milimita. Mwaka 1923 William Morris, yule wa magari ya Morris, akakinunua kiwanda hicho. Kubadilisha mashine zote ni gharama, basi wakaendelea kuchonga bolti zenye mifereji ya Kifaransa. Lakini vichwa vya bolti hizo wakaviweka vya Whitworth! Kwa nini? Kwa sababu mafundi wa gereji za Uingereza walikuwa na spana za Whitworth. Mtindo huo uliendelea kwenye baadhi ya injini za Morris na MG hadi miaka ya 1950.

Mnaona? Kiwanda kiliuheshimu mkono wa fundi. Kilijua kwamba gari haliishi kiwandani, linaishi kwenye sanduku la atakayelitengeneza. Huku kwetu hakuna aliyemuuliza babu ana spana gani. Gari lilishuka bandarini na namba zake, yeye akazifuata.

Na zikaja namba za tatu. Mwaka 1965 serikali ya Uingereza yenyewe ikatangaza kuunga mkono viwanda vyake kuhamia milimita. Huku Afrika Mashariki Volkswagen na Peugeot, magari ya milimita, yalikuwa yameshashinda mashindano ya Safari mara kadhaa. Mwaka 1970 Datsun ikashinda, ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na watu wakaanza kuyatazama magari ya Mjapani kwa jicho jingine. Miaka ya 1990 mlango ulipokuwa umeshafunguliwa, magari yaliyotumika kutoka Japani yakamiminika. Yalitufaa kwa sababu usukani wake uko kulia, na sisi tunaendesha kushoto. Nani alituachia kuendesha kushoto? Mwingereza. Yaani sheria yake ya barabarani ndiyo iliyompa Mjapani nafasi ya kuzistaafisha spana zake. Nilicheka peke yangu usiku.

Msidhani sasa milimita ni milimita tu. Mjapani bolti yake ya unene wa milimita 8 ameiwekea kichwa cha 12, ya 10 kichwa cha 14, ya 12 kichwa cha 17. Mjerumani kwa bolti hizo hizo alizoea 13, 17 na 19, na vipimo vya kimataifa vilivyofuata vikaleta 16 na 18. Ndiyo maana ukipita gereji za mtaani unasikia "nipe kumi, nipe kumi na mbili, nipe kumi na nne" kama wimbo. Huo ni wimbo wa Toyota. Ikiingia gari ya Mjerumani, utasikia fundi anaulizia kumi na tatu, na mara nyingine anaulizia spana ya nyota, kwa sababu bolti nyingine hazina tena pembe sita.

Sasa ukitaka kununua spana zako, fanya hivi. Kwanza jua gari lako linafuata makubaliano ya nani. Kwa gari la Kijapani 8, 10, 12, 14, 17 na 19 zitakufikisha mbali sana. Usinunue seti ya vipande mia yenye nusu inchi ndani yake kwa sababu tu inang'aa. Pili, kwa bolti iliyokaza chagua soketi au ringi yenye pembe sita kabla ya ile yenye pembe kumi na mbili, na spana ya mdomo wazi iwe ya mwisho, maana yenyewe inashika upande huu na huu tu. Tatu, nati za paipu za breki ni laini na zina spana yake, ringi iliyokatwa kidogo ili paipu ipite. Hiyo usiiruke. Nne, bolti za breki na za matairi zina kiasi chake cha kukazwa, na ipo spana inayopima nguvu hiyo. Kama huna, azima.

Na ile inayojirekebisha, mnayoiita mtaani spana malaya kwa sababu haikatai bolti yoyote? Mswidi Johan Petter Johansson aliipatia hataza mwaka 1892, na ni kifaa kizuri kwa bomba la maji na kwa dharura. Lakini mdomo wake unacheza, na mnajua sasa kucheza kidogo kunafanya nini. Isikaribie breki.

Nimelisafisha sanduku la babu kwa mafuta ya taa. Za milimita nimezihamishia kwenye gari. Za AF nimezipeleka kwa yule fundi wa Gerezani, amesema bado ana mteja mmoja mwenye Land Rover ya zamani. Za Whitworth nimebaki nazo. Kila moja imekwanguka ubavuni, alama ya nyundo ya mtu aliyejifunza namba za wageni mara tatu katika maisha yake bila kuandikwa popote. Yeye alizisoma. Mimi niliyesoma chuo niliona 9/16 nikavuta tu.

Kama kwenu kuna sanduku kama hili, lifungueni kabla halijauzwa kwa wanunua chuma chakavu. Na kama mzee mwenyewe bado yupo, kaeni naye awaambie kila spana ilikuwa ya gari gani. Mimi nilichelewa.