Mbegu Iliyosafiri Bila Bakteria Wake: Historia ya Uchanjaji wa Mikunde, Mikese na Uluguru

Historia ya rutuba ya udongo mkoani Morogoro imetawaliwa na matuta ya lazima ya Uluguru, yaliyozusha ghasia mwaka 1955. Insha hii inafuata safari za mbegu na bakteria. Tangu Hellriegel na Wilfarth waeleze, katika miaka ya 1880, kwamba mikunde hupata naitrojeni ya hewani kupitia vijidudu vya vifundo vya mizizi, imebainika kuwa kila zao lina bakteria wanaolifaa. Kunde za Mikese, zenye asili ya Afrika, huota vifundo bila kuchanjwa. Soya, iliyopandwa Amani na Wajerumani mwaka 1907, na njegere za Mgeta ni mazao mageni. NITROSUA, chanjo ya soya iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, haiwezi kufaa njegere, zinazohitaji bakteria wa aina nyingine. Aidha, chanjo ni kitu hai: huharibiwa na joto, wala haizibi upungufu wa fosforasi. Kwa hiyo, mkulima asiyeitumia asihesabiwe mkaidi kabla ya kuchunguzwa zao lake, udongo wake na hali ya pakiti iliyomfikia. Matuta yaliagizwa kabla ya mkulima kuulizwa. Kosa hilo lisirudiwe.