Gundi ipi inafaa kuunganisha boksi la spika?

Besi ikiwa nyepesi, au boksi likitoa mlio wa kufoka sauti inapopandishwa, wengi huilaumu spika na kwenda kununua nyingine. Mara nyingi tatizo liko kwenye maungio ya mbao: hewa inapenya. Katika makala hii tunaeleza aina za gundi zinazopatikana madukani, kazi ya kila moja na mahali isipofaa.

Kazi mbili kwa pamoja

Kwenye meza au kabati, gundi hushika tu. Kwenye boksi la spika inapaswa kushika na kuziba. Katika boksi lililofungwa pande zote, hewa ya ndani hufanya kazi kama springi: koni ya spika ikisukumwa, hewa hiyo huirudisha mahali pake. Mmarekani Edgar Villchur aliitumia kanuni hii mwaka 1954 kutengeneza spika ndogo zenye besi nzito. Pakiwa na ufa kwenye kona, springi hiyo hupungua nguvu. Hata boksi lenye tundu la besi linahitaji maungio yaliyozibwa, kwa sababu hewa inatakiwa itoke kwenye tundu hilo tu.

Gundi nyeupe ya mbao

Hii ndiyo gundi ya kwanza kwa plaiwudi, MDF na mbao za kawaida. Ni ya maji, bei yake ni nafuu, na haina harufu kali. Ikipakwa vizuri na mbao zikabanwa, kiungio huwa na nguvu kuliko mbao yenyewe: ukikivunja, utaona mbao imechanika kabla ya gundi kuachia.

Ina masharti mawili. Kwanza, mbao zigusane sawasawa. Gundi hii husinyaa maji yanapokauka, hivyo haiwezi kujaza pengo lililoachwa na msumeno. Pili, mbao zibanwe kwa klampu au skrubu kwa muda wa saa moja hivi, kisha boksi liachwe saa 24 kabla ya kupigiwa muziki. Kingo za MDF hunyonya sana. Paka mkono mwembamba wa kwanza, subiri dakika chache, paka tena, ndipo uunganishe.

Gundi nyeupe ya kawaida hulegea kwa maji na kwa joto kali. Kwa boksi la nje au sehemu yenye unyevu, tafuta kopo lenye alama D3 au D4 za kipimo cha Ulaya EN 204, ambazo huonyesha uwezo wa kustahimili maji. Kwa boksi la kwenye gari linaloshinda juani, ongeza skrubu.

Gundi ya poliyurethani na epoksi

Gundi ya poliyurethani hukauka kwa kutumia unyevu, na huumuka kama povu. Haiogopi maji, lakini povu hilo halina nguvu. Usilitegemee kushika mbao zilizoachana.

Epoksi, ile ya kuchanganya sehemu mbili, hujaza mapengo na kushika chuma kwenye mbao. Ni ghali kwa boksi zima. Itumie kwenye kona iliyokatwa vibaya au kwenye marekebisho, ukiwa umevaa glavu.

Gundi ya njano yenye harufu kali

Hii ni ile wanayotumia mafundi viatu. Hupakwa pande zote mbili, huachwa mpaka isinate kidoleni, kisha hubandikwa. Inafaa kwa zulia, ngozi au fomaika juu ya boksi. Kuunganisha mbao za boksi haifai, maana hubaki laini na kiungio kinaweza kusogea kidogo kidogo. Mvuke wake unawaka moto na unadhuru ukivutwa. Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na jiko, sigara na watoto.

Silikoni na spika yenyewe

Maungio yakishakauka, pitisha silikoni kwenye kona za ndani ili kuziba upenyo wowote uliobaki. Ile inayonuka kama siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula shaba. Usifunge spika kabla harufu haijaisha kabisa.

Spika usiigandishe kwa gundi. Iweke juu ya ukanda wa sponji au mpira na uikaze kwa skrubu. Siku ikiungua, utaitoa bila kuvunja boksi.

Jinsi ya kujaribu

Kwa boksi lisilo na tundu, sukuma koni taratibu kwa vidole, ukigawa nguvu sawa pande zote, kisha iachie. Ikirudi polepole, boksi limeziba. Ikirudi ghafla, kuna mahali panapovuja. Kutafuta mahali hapo, piga muziki wenye besi na upitishe udi unaofuka karibu na maungio. Moshi ukitikisika kwa kufuata mdundo, umepata ufa. Uzibe kwanza, kabla hujatoa pesa ya spika nyingine.