Gita la Mbao za Meko

Agosti 1963, katika nyumba moja ya Feltham, magharibi mwa London, kijana wa miaka 16 aitwaye Brian May na baba yake Harold walianza kuchonga gita. Pesa za kununua gita la Fender hazikuwepo. Shingo ilitokana na mahogani ya meko ya nyumba ya zamani, kiwiliwili na mwaloni wa meza kuukuu. Springi zilitoka kwenye pikipiki ya Panther ya mwaka 1928, na alama nyeupe za shingoni zilikuwa vifungo vya gamba la chaza, vya mama mtu, vya kushonea nguo. Kazi iliwachukua takriban miaka 2.

Kila mpiga solo wa roki anazijua taabu zake. Dramu zinapasuka, besi inavuma chini, mwimbaji yuko juu ya wote, na gita, ambalo makazi yake ni hapo hapo kati, pamoja na piano na koo la binadamu, linamezwa. Dawa ya kwanza inayomjia mtu ni kuongeza sauti. Mwaka 1966 Eric Clapton aliingia studio ya Decca na kundi la John Mayall, akiwa na gita la Gibson Les Paul na amplifaya ya Marshall, akapiga kwa nguvu zile zile za klabuni. Vijana wengi wa London waliifuata njia hiyo.

May alishika njia nyingine. Rory Gallagher, mpiga gita wa Ireland, alimwonyesha vifaa vyake baada ya onyesho: amplifaya ya Vox AC30 na kisanduku kidogo cha kunyanyua sauti kali. Kisanduku hicho huondoa uzito wa chini wa gita na kuusukuma mbele wembamba wake. Chini wanabaki besi na dramu kubwa. Gita linapanda kuelekea hezi 2,000 hadi 5,000, mahali ambapo sikio letu ni jepesi kuliko kwingine kote. Ndiyo maana hata likipigwa kwa upole linasikika.

Gita lenyewe lina pikapu 3 (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi), kila moja na swichi ya kuiwasha na nyingine ya kugeuza mkondo wake. Pikapu mbili zikipinganishwa, unene wa noti unafutika na kubaki sauti ya puani, inayopenya kama nzumari katikati ya vishindo vya ngoma. Nyuzi May huzipiga kwa sarafu ya peni 6 ya Kiingereza. Ukingo wake wenye meno unaukwaruza uzi, na kila noti huanza na mkwaruzo mdogo, mfano wa herufi ya kwanza ya neno.

Lakini vifaa peke yake visingetosha. Mwaka 1974, kundi lake la Queen likirekodi albamu ya Sheer Heart Attack, May aliugua akalazwa hospitali. Wenzake waliendelea bila yeye, wakamwachia nafasi za solo. Aliporudi akazijaza, na katika "Killer Queen" magita yake yanapokezana noti kama kengele zinazojibizana. Hakuna anayemzonga pale. Kwangu hilo ndilo somo kubwa kuliko swichi zote: solo inasikika kwa sababu wengine wamekaa kando.

Mwaka uliofuata ikaja "Bohemian Rhapsody", utungo wa mwimbaji wao Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Kushindana na sauti ya mtu yule kungekuwa kujisumbua bure. May hakuirudia tuni ya mwimbaji. Alitunga tuni yake, wimbo mdogo ndani ya wimbo, ukaingia mwimbaji aliponyamaza. Sauti za gita lake zilikuwa zikidhaniwa ni za vinanda vya sintesaiza, hata kundi likaandika kwenye majalada ya albamu zake za mwanzo kwamba havikutumika.

Gita lile la Feltham bado linafanya kazi. Juni 2002 May alipanda nalo juu ya paa la Kasri la Buckingham, akalipigia wimbo wa taifa wa Uingereza.