HASIRA YA WALIOACHISHWA KAZI: FUNZO LA SHIRIKA LA MAFUTA LA ARGENTINA

Katika madarasa ya siasa kuna swali linalorudi kila mwaka. Mwanafunzi husimama na kuuliza: Ikiwa shirika ni mali ya umma, na wafanyakazi ni sehemu ya umma huo, inakuwaje siku shirika linapouzwa wao huitwa kupokea kiinua mgongo na kuonyeshwa mlango? Swali hili ni la haki, wala halijibiwi kwa kaulimbiu. Makala hii inalijibu kwa kuichambua historia ya YPF, shirika la mafuta la taifa la Argentina. Lilikuwa fahari ya nchi hiyo kwa miaka 70, kisha katika miaka michache tu likawaachisha kazi watu zaidi ya 40,000.

Kuzaliwa kwa Shirika

Mafuta yaligunduliwa Comodoro Rivadavia, kusini mwa Argentina, Desemba 1907, wakati mafundi wa Serikali walipokuwa wakichimba maji. Lakini soko la petroli lilikuwa mikononi mwa makampuni ya kibeberu, hasa Standard Oil ya Marekani na Shell ya Uingereza na Uholanzi. Mwaka 1922 Enrique Mosconi, aliyekuwa akiongoza kikosi cha ndege cha jeshi, alikwenda kuagiza petroli ya ndege zake. Kampuni tanzu ya Standard Oil ikakataa kumpa mpaka alipe kwanza. Mosconi akatambua kwamba nchi isiyomiliki nishati yake haiwezi hata kurusha ndege zake bila ruhusa ya tajiri wa kigeni.

Mwaka huohuo Serikali ya Rais Hipólito Yrigoyen iliunda YPF, na Mosconi akawa mkurugenzi wake hadi 1930. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha La Plata kilianza kazi mwaka 1925. Mwaka 1929 shirika lilishusha bei ya petroli, na makampuni ya kigeni yakalazimika kufuata. Hayo yalikuwa matunda halisi ya umma kumiliki njia kuu za uchumi.

Huko Plaza Huincul, katika jimbo la Neuquén, ambako mafuta yalipatikana mwaka 1918, shirika lilijenga nyumba, hospitali na shule kwa ajili ya wafanyakazi wake. Nje ya kambi hiyo, watu waliofuata kazi walijijengea makazi yao, na mwaka 1933 ukazaliwa mji wa Cutral Có. Miji hii miwili iliishi kwa YPF. Mtoto wa mchimba mafuta alikua akijua kwamba siku moja naye atavaa nguo za kazi za shirika.

Kasoro Iliyofichika

Hata hivyo, tusiisome historia hii kwa macho ya mapenzi. YPF ilikuwa mali ya umma kwa hati, lakini uamuzi haukuwa mikononi mwa wazalishaji. Mameneja waliteuliwa kutoka juu, na kila serikali iliyoingia, iwe ya kiraia au ya mapinduzi, iliteua watu wake. Mfanyakazi alipata nyumba na mshahara mzuri, lakini hakupata sauti.

Kasoro hiyo ilionekana wazi chini ya udikteta wa kijeshi wa 1976 hadi 1983. Shirika lilibebeshwa mikopo ya kigeni ambayo kwa sehemu kubwa halikuitumia lenyewe. Deni lake likapanda kutoka mamia ya mamilioni ya dola hadi mabilioni. Wakati huohuo lililazimishwa kununua kwa bei kubwa mafuta ya wakandarasi binafsi, waliokabidhiwa visima ambavyo lilikuwa limevigundua lenyewe. Baadaye vibaraka walewale wa mabepari waliolitia hasara walisimama na kusema: Tazameni, shirika la umma haliwezi kujiendesha.

Chama cha Wafanyakazi Chauza

Mwaka 1989 Carlos Menem alichaguliwa kuwa Rais. Chama chake kilikuwa cha wafuasi wa Juan Perón, ambacho tangu miaka ya 1940 kilisimama juu ya mabega ya vyama vya wafanyakazi. Mfumuko wa bei mwaka huo ulizidi asilimia 3,000, na wakopeshaji wa nje walidai mageuzi. Septemba 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kubinafsisha YPF, na mwaka 1993 hisa zake ziliuzwa katika masoko ya Buenos Aires na New York.

Lakini makada wazingatie jambo hili: upunguzaji ulianza kabla ya mauzo. Mnunuzi hataki kununua mishahara, kwa hiyo muuzaji humsafishia nyumba kwanza. Mwaka 1990 shirika lilikuwa na wafanyakazi wapatao 51,000. Katikati ya muongo huo walibaki karibu 6,000. Katika Plaza Huincul na Cutral Có, watu zaidi ya 4,000 walikuwa wakifanya kazi katika shirika. Walibaki mamia tu.

Mbinu iliyotumika inastahili kuchunguzwa. Wengi waliondoka kwa kile kilichoitwa kustaafu kwa hiari. Mfanyakazi aliitwa peke yake na kuonyeshwa fedha ambazo hajawahi kuzishika kwa mkupuo mmoja. Uongozi wa chama cha wafanyakazi wa mafuta wa serikali, SUPE, ulikubali mpango huo, na chama chenyewe kikapata baadhi ya biashara zilizokuwa za shirika. Wafanyakazi wa chini waliojaribu kupinga wakabaki bila mgongo wa kuegemea.

Walioondoka walifungua vioski na kununua magari ya teksi. Lakini katika mji ambao kila mtu amefungua kioski, nani atanunua? Wengine waliunda makampuni madogo yaliyopewa mikataba mifupi ya kulifanyia shirika kazi zilezile walizokuwa wakizifanya zamani. Mikataba ilipokwisha, mengi yalikufa. Kufikia mwaka 1995 ukosefu wa ajira nchini Argentina ulikuwa umefikia asilimia 18.

Hasira Yapata Njia

Juni 1996 gavana wa Neuquén, Felipe Sapag, alivunja mpango wa kujenga kiwanda cha mbolea pamoja na kampuni ya Kanada. Hilo lilikuwa tumaini la mwisho la ajira. Watu wa miji hiyo miwili walitoka wakaziba Barabara ya Taifa namba 22, wakawasha mioto usiku na mchana katika baridi kali. Walipoletewa kikosi cha askari, maelfu ya watu walisimama mbele yao. Jaji aliyekuja na askari aliona umati huo, akatangaza kwamba shauri hilo halimo katika mamlaka yake, akaondoka. Siku iliyofuata gavana alikuja mwenyewe kutia saini makubaliano.

Ahadi nyingi hazikutimizwa. Aprili 1997 barabara ilizibwa tena, na tarehe 12 ya mwezi huo Teresa Rodríguez, mfanyakazi wa nyumbani mwenye umri wa miaka 24, aliuawa kwa risasi ya polisi. Yeye hakuwahi kuajiriwa na YPF. Kifo chake kinatufundisha kwamba mshahara wa mfanyakazi mmoja hulisha pia fundi cherehani, muuza mboga na mtumishi wa nyumbani. Ukikatwa, jeraha ni la mji mzima. Mwezi uliofuata moto ulihamia kaskazini, katika jimbo la Salta, katika miji ya Tartagal na General Mosconi. Mji uliopewa jina la mwanzilishi wa shirika sasa ulikuwa mji wa watu waliofukuzwa nalo.

Mwaka 1999 kampuni ya Hispania, Repsol, ilinunua karibu hisa zote zilizobaki. Mwaka 2012 Serikali ya Cristina Fernández de Kirchner ilitwaa asilimia 51, na mwaka 2014 ikakubali kuilipa Repsol fidia ya dola bilioni 5 kwa hati za dhamana. Taifa lililipia mara ya pili kile kilichokuwa chake. Nyumba zilizovunjika katika Cutral Có hazikuwamo katika hesabu hiyo.

Mafunzo kwa Makada

Kwanza, umiliki wa umma bila udhibiti wa wafanyakazi ni ngome isiyo na walinzi. Aliyenyimwa sauti wakati wa neema hawezi kuipata ghafla siku ya kuuzwa.

Pili, hasira ya mtu mmoja mmoja hununuliwa. Mfanyakazi wa YPF aliyekuwa peke yake mbele ya hundi alishindwa. Aliposimama na jirani zake barabarani, dola ilirudi nyuma. Lakini kuziba barabara huja baada ya kazi kupotea. Mahali pa kujipanga ni kiwandani, kabla ya bahasha kutolewa.

Tatu, na hili ndilo zito kwetu, jina la chama si kinga. Waliowaachisha kazi wafanyakazi wa Argentina walikuwa viongozi wa chama chao wenyewe, chenye nyimbo zao na historia yao. Ni chama hicho pekee ambacho kingeweza kufanya hivyo bila upinzani mkubwa, kwa sababu ndicho walichokiamini.

Ndugu makada, tusiwanyoshee wengine kidole bila kujikosoa. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikemea viongozi wenye kiburi na dharau, na ulitaka wananchi washirikishwe katika mambo yanayowahusu. Miaka 20 baadaye, mashirika yetu ya umma yalipoanza kurekebishwa na kuuzwa, ni matawi mangapi ya Chama yaliitisha mkutano wa wafanyakazi kabla ya orodha ya wanaopunguzwa kubandikwa ukutani? Wako wazee katika mitaa yetu ambao bado wanangoja jibu. Kada anayetaka kuijua historia ya Chama chake aanze kwa kukaa nao, awasikilize, na ayaandike wanayosema.