Nyumba Ikianguka, Nani Anajibu?

Katika jiwe jeusi la sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala karne ya 18 kabla ya Kristo, kuna vifungu vichache vinavyomhusu mjenzi wa nyumba. Kinatangulia cha ujira: shekeli 2 za fedha kwa kila kipimo cha eneo alilojenga. Vinavyofuata ni vikali. Nyumba ikianguka ikamuua mwenyewe, mjenzi auawe. Ikimuua mtoto wa mwenye nyumba, auawe mtoto wa mjenzi. Ikiharibu mali, mjenzi alipe mali hiyo na aijenge nyumba upya kwa gharama yake. Na hata kama haijaanguka, ukuta ukianza tu kubetuka, auimarishe kwa fedha yake mwenyewe.

Jiwe hilo sasa liko Louvre, Paris. Wengi hulitaja wanapozungumzia kisasi, jicho kwa jicho. Mimi nililirudia kwa sababu nyingine. Mama yangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, alikuwa ameanza kujenga Kibaha kwa mafao yake. Fundi wa kwanza alipandisha kuta mpaka usawa wa juu wa madirisha, akachukua pesa ya lenta, kisha simu yake ikawa haipatikani. Wajomba walisema atafutwe fundi mwingine, mafundi wako tele. Mama alitaka mkandarasi aliyesajiliwa. Akanipa mimi kazi ya kuuliza, kwa hoja kwamba kama mtu anasoma shahada ya pili na hawezi kumsaidia mzazi kuchagua mjenzi, basi hiyo ada inakwenda wapi.

Ninasoma historia, si uhandisi. Kwa hiyo niliuliza swali la historia: ilikuwaje watu wakafika mahali pa kumwandika mjenzi kwenye daftari la serikali?

Nilianzia nyumbani, pwani. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti haiwezi kubeba dari kwa upana wowote unaoutaka, na ndiyo maana vyumba vya nyumba zile ni virefu na vyembamba, upana wake kwa kawaida haufiki mita 3. Tajiri angeweza kuongeza urefu wa chumba, kuongeza ghorofa, kunakshi mlango, lakini upana uliamuliwa na mti. Katika ujenzi wa namna hiyo, mengi yanaonekana kwa macho. Boriti iliyooza inaonekana. Ukuta uliopinda unaonekana. Na fundi aliyekosea anaishi mtaa wa pili, watoto wake wanasoma chuo kimoja na wako. Daftari la usajili lilikuwa vichwani mwa watu.

Mji ukikua, daftari hilo linachakaa. London iliungua kwa siku nne Septemba 1666, zikateketea nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87 ya parokia. Sheria ya kuijenga upya, iliyopitishwa 1667, iliamuru nyumba ziwe za matofali au mawe, ikazigawa katika aina nne, ikataja unene wa kuta, na wakateuliwa wapimaji wa kukagua. Lakini kilichonivutia zaidi ni kwamba sheria hiyo hiyo ililegeza mlango wa kazi. Kabla ya moto, ujenzi ndani ya jiji ulikuwa mikononi mwa vyama vya mafundi, na asiyekuwa mwanachama hakuruhusiwa. Sasa maseremala na waashi wa nje waliruhusiwa kufanya kazi kwa miaka 7. Kwa hiyo wajomba zangu wana hoja ya zamani: kila orodha ya walioruhusiwa ni ukuta pia kwa wasioruhusiwa, na ukuta hupandisha bei.

Mkandarasi mkuu tunayemfahamu leo, anayebeba kazi nzima kuanzia msingi hadi rangi, alikuja baadaye sana. Mwingereza Thomas Cubitt, aliyezaliwa 1788, alianza kama seremala. Wakati wake mwenye nyumba alikuwa akipatana na mwashi peke yake, seremala peke yake, mpaka rangi peke yake. Kazi ikichelewa, kila mmoja alimnyooshea mwenzake kidole. Mwaka 1815 Cubitt alifungua karakana London, akawaajiri mafundi wa fani zote kwa mshahara wa kudumu, akawa anauza kitu kipya: jengo zima, chini ya jina moja. Ili watu wake wasikae bure, alilazimika kuendelea kutafuta kazi na kujenga mitaa mizima, Belgravia ikiwemo.

Niliposoma habari za Cubitt niliona saiti ya mama. Alinunua saruji mwenyewe, kokoto mwenyewe, nondo mwenyewe. Fundi wa tofali alikuwa wake, fundi bomba wake, fundi umeme alitoka kwa jirani. Bila kujua, mama mwenyewe alikuwa ndiye mkandarasi mkuu. Ufa ukitokea, fundi atasema saruji ilikuwa mbovu, na aliyenunua saruji ni nani?

Hatua ya mwisho ni serikali kuingia. California ilitunga sheria ya leseni za makandarasi mwaka 1929, na mpaka leo ni kati ya kali zaidi Marekani. Asiye na leseni akifanya kazi inayohitaji leseni, mahakama haimsaidii kudai malipo, na mteja anaweza kudai arudishiwe hata alichokwisha kulipa. Mkandarasi anayekarabati nyumba ya mtu haruhusiwi kuchukua malipo ya awali yanayozidi asilimia 10 ya mkataba au dola 1,000, kile kilicho kidogo. Kifungu hicho nilimsomea mama. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama hao watu wa California waliwahi kukutana na fundi wake.

Huku kwetu, sheria za ujenzi za mwanzo zilijali zaidi nini kinajengwa na wapi. Kanuni za Wajerumani za 1891 kwa Dar es Salaam zilitenga maeneo kwa aina ya majengo: nyumba za Kizungu upande wa bahari, vibanda huko nyuma. Waingereza waliendeleza mgawanyo huo, na majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini tunayakumbuka. Sheria inayomtazama mjenzi mwenyewe, Sheria Na. 17 ya Usajili wa Makandarasi, ilitungwa 1997, ikaanzisha Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Bodi huwasajili kwa fani na kwa madaraja, la kwanza likiwa la kazi kubwa na la saba la kazi ndogo. Inaweza kumfutia mtu usajili. Na orodha yake iko wazi kwa umma.

Usajili hauzuii kila msiba. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo, likaua zaidi ya watu 20. Sheria ilikuwepo mara zote mbili.

Hata hivyo, nadhani nimeelewa kwa nini daftari lilihitajika. Zege huficha. Kwenye nyumba ya boriti unaangalia juu na kuiona mihimili yote. Kwenye lenta, ukishamwaga zege, hakuna ajuaye ndani kuna nondo nne au mbili, milimita 12 au 8, isipokuwa aliyezifunga. Macho ya mwenye nyumba na sifa za mtaani vilitosha wakati kosa lilipoonekana. Sasa kosa linaweza kulala ndani ya ukuta miaka 10 kabla ya kujitokeza, na ukilitafuta wakati huo, unahitaji mtu mwenye jina, ofisi na kitu cha kupoteza.

Mama aliyaweka haya kwa ufupi kuliko mimi. Aliwauliza wajomba, "Nikienda kugonga, nani atafungua?"

Tulimchukua mkandarasi wa daraja la saba, kampuni ya watu wachache. Tulihakiki namba yake kwenye orodha ya Bodi kabla ya kuzungumza bei. Alikuwa ghali kuliko fundi, karibu theluthi zaidi, na wajomba hawakuacha kulitaja hilo. Mkataba uliandikwa kwa Kiswahili: malipo kwa hatua, sehemu ya mwisho izuiwe miezi sita baada ya kukabidhi, na zege lisimwagwe kabla nondo hazijakaguliwa na mtu wa mama. Baadhi ya mafundi wake walikuwa vijana wa pale pale mtaani, wale wale ambao wajomba wangetuletea.

Siku ya lenta alikuja mhandisi tuliyemlipa kwa ukaguzi huo tu. Alipanda ngazi, akahesabu, akasema kwenye kona mbili nondo hazijapishana vya kutosha. Zilifunguliwa, zikafungwa upya, siku nzima ikapotea. Gharama ilikuwa ya mkandarasi. Mama alikuwa amekaa kwenye rundo la tofali, mkataba mapajani, kidole kikiwa juu ya kifungu kinachosema hivyo.