Usukani wa pikipiki unapoyumba: Tahadhari kwa misafara ya Arua na Koboko

Barabara inayoanzia Vurra, mpakani na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, hupita Arua, Maracha na Koboko hadi Oraba, mpakani na Sudan Kusini, umbali wa kilomita 92. Kabla ya kuwekwa lami katika muongo wa 2010, changarawe na mashimo vilimlazimisha dereva wa pikipiki kwenda polepole. Leo kasi ya kilomita 80 kwa saa si jambo la ajabu, hata katika misafara inayosindikiza maharusi, maiti au mgeni wa heshima. Kwa kasi hiyo, kasoro ya gurudumu la mbele ambayo zamani isingetambulika yaweza kumwangusha dereva pamoja na wanaomfuata.

Kwa nini usukani huyumba?

Pikipiki imeundwa hivi kwamba gurudumu la mbele likipinda kidogo hujinyoosha lenyewe. Tatizo huanza pale linapojinyoosha kupita kiasi, likapindukia upande wa pili, kisha likarudi tena. Usukani hutikisika kushoto na kulia, takriban mara 4 hadi 10 kwa sekunde, na mtikisiko usipotulia huongezeka hadi mikono ishindwe kuuzuia.

Miongoni mwa sababu zake kuu ni mzigo. Gunia la muhogo au madumu ya maji yaliyofungwa nyuma ya gurudumu la nyuma huinua uzito kutoka mbele, na gurudumu la mbele hupoteza mshiko wake barabarani. Sababu nyingine ni tairi lililolika upande mmoja au lenye upepo mdogo, spoku zilizolegea, rimu iliyopinda, na beringi za shingo ya usukani zilizochakaa.

Ukaguzi kabla ya safari

Kagua haya asubuhi, kabla ya kufunga mzigo. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, gurudumu la mbele likiwa juu. Shika ncha za chini za shokapu za mbele, uzisukume na kuzivuta. Ukisikia mgongano, beringi za shingo zimelegea. Kisha geuza usukani taratibu: ukinasa katikati, beringi hizo zimeharibika. Gusa spoku moja moja, na upime upepo tairi likiwa bado baridi. Mzigo mzito ukae chini na karibu na dereva.

Usukani ukianza kuyumba, ufanye nini?

Silika humwambia dereva akamate breki ya mbele. Ni kosa kubwa, kwani breki hiyo hulemea gurudumu ambalo tayari limepoteza utulivu. Badala yake:

- Shika usukani imara, lakini usishindane nao. Mikono iliyokakamaa huongeza mtikisiko.
- Punguza mafuta taratibu, bila kuyakata ghafla.
- Bana tangi kwa magoti, uinamishe kiwiliwili mbele na chini.
- Usiguse breki mpaka mtikisiko utulie.
- Kasi ikishapungua, toka barabarani na usimame.

Hatari ya kuwa kwenye msafara

Kutuliza mtikisiko bila breki huhitaji muda, na muda huo hupatikana tu ikiwa mbele yako kuna nafasi. Dereva aliyebanana na wenzake hana budi kufunga breki au kumgonga aliye mbele. Kwa hiyo usalama wa anayeyumba hutegemea nafasi iliyoachwa kabla hajaanza kuyumba.

Kanuni inayofundishwa katika nchi nyingi ni kupangana kwa kupishana: wa kwanza karibu na mstari wa kati, wa pili karibu na ukingo, na kuendelea hivyo. Kati yako na aliye mbele yako moja kwa moja ziwepo sekunde 2. Kati yako na aliye upande wa pili, sekunde 1. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, sekunde 2 ni mita 44. Kwenye kona, au pikipiki zikiwa na mizigo, wote waende mstari mmoja.

Kundi kubwa ligawanywe katika vikundi vya watu 5 hadi 7. Kiongozi afuate kasi ya mwenye pikipiki dhaifu kuliko zote, na mkiani awepo mzoefu mwenye spana, simu na vifaa vya huduma ya kwanza. Ukimwona mwenzako anayumba, punguza mwendo taratibu na umpe nafasi. Usimpite wala usikae ubavuni pake.

Katika misafara ya shangwe, wako wanaoachia usukani ili kushangiliwa. Mikono ndiyo inayomeza mitikisiko midogo. Ikiondolewa wakati pikipiki inapunguza mwendo, mtikisiko waweza kukua ghafla. Na wanaovuka Vurra au Oraba wakumbuke kuwa Uganda huendesha kushoto, ilhali nchi hizo mbili jirani huendesha kulia. Mpangilio wa msafara ubadilishwe mpakani, kabla ya kuondoka.

Baada ya kutulia

Usukani uliotulia haujapona. Utakaporudia kasi ileile na mzigo uleule, waweza kuyumba tena. Panga mzigo upya, pima upepo, na uende polepole hadi kwa fundi. Sheria ya Uganda inamtaka dereva na abiria wake kuvaa kofia ngumu. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali duniani umeonyesha kuwa kofia hiyo hupunguza vifo vya waendesha pikipiki wanaopata ajali kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani haimlindi mtu.