Msako hadi utulivu

Watunzi wa programu za sataranji wana istilahi ambayo kwa Kiingereza ni quiescence search. Tafsiri inayokuja haraka mdomoni ni “utafutaji tulivu”, na inapotosha pale pale ambapo msomaji anahitaji mwongozo. Kazi inayotajwa haina utulivu wowote ndani yake. Ni sehemu yenye vurugu kuliko zote katika fikra za mashine: kete zinaliwa, zinalipiziwa kisasi, malkia wanabadilishana, ngome zinaanguka. Kilicho tulivu ni mahali ambapo vurugu hizo zinakoma. Kwa hiyo napendekeza tuseme msako hadi utulivu.

Shida iliyozaa istilahi hii ni ya kale kama fani yenyewe. Mwaka 1950 Mmarekani Claude Shannon alichapisha makala kuhusu namna ya kuiandalia kompyuta programu ya kucheza sataranji. Alikadiria kwamba katika hali ya kawaida mchezaji ana hatua halali zipatazo 30, na kwamba hatua moja ya mweupe pamoja na jibu la mweusi huzaa njia 1,000 hivi. Mkitazama mbele hatua tatu kwa kila upande mmeshafika bilioni. Mashine inayopima hali moja kwa kila sehemu ya milioni ya sekunde ingekaa zaidi ya dakika 16 kabla ya kusogeza kete moja. Basi ni lazima mashine isimame mahali fulani kabla mchezo haujaisha, iangalie ubao, itoe alama: kitunda 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9, ukiongeza na mambo mengine kama usalama wa mfalme.

Swali ni isimame wapi. Tuseme tumeiamuru itazame hatua tatu tu, na hatua ya tatu malkia wa mweupe anakila kitunda kilichokaa d5. Programu inasimama, inahesabu, inafurahia faida ya kitunda kimoja. Haioni kwamba e6 kuna kitunda kingine cha mweusi kinachomngoja malkia huyo. Hatua ya nne ingefichua kwamba faida ya 1 ni hasara ya 8. Mtu atasema: basi tuongeze hatua ya nne. Tukiongeza, upofu unahamia hatua ya tano, maana huko nako mashine itakatisha ulaji katikati. Kina cha kudumu, kiwe cha hatua nne au ishirini, hakiponyi ugonjwa huu, kwa sababu kinakata njia zote kwa urefu mmoja bila kujali kinachoendelea ubaoni.

Shannon aliliona hilo na akaonya kwamba upimaji wa alama unafaa tu kwa hali zilizotulia kiasi. Alan Turing wa Uingereza naye aliliona. Programu yake hakukuwa na kompyuta ya kuiendesha, kwa hiyo mwaka 1952 aliihesabu mwenyewe kwa karatasi na kalamu akicheza na Alick Glennie, na ikashindwa. Lakini kanuni yake ilikuwa sahihi: zifuatwe hatua za kula na kulipiza hadi ifikiwe hali aliyoiita mfu. Neno “mfu” lina nguvu, ila mimi naliacha, kwa kuwa hali hiyo bado ina uhai mwingi, mipango na vitisho. Imetulia tu kwa maana kwamba hakuna kete iliyo mdomoni mwa nyingine.

Sasa tuingie ndani ya msako wenyewe. Mashine inapomaliza kina ilichopewa, haitoi alama papo hapo. Inaingia awamu ya pili ambamo inazitazama hatua za kula pekee, ikianza na zile ambazo kete ndogo inaila kubwa, kwa kuwa hizo ndizo zenye uwezekano mkubwa wa kuamua mambo mapema. Baada ya kila ulaji inauliza tena: je, kuna cha kula? Kikiwepo, inaendelea. Kisipokuwepo, inapima. Awamu hii haiwezi kwenda milele, maana ubao una kete 32 na wafalme wawili hawaliwi. Ulaji 30 ukiisha, hakuna kilichobaki. Hatua za kumshambulia mfalme ni habari nyingine, kwani zinaweza kurudiwa bila mwisho. Ndiyo sababu watunzi wengi huziruhusu mwanzoni tu mwa awamu hii, au hawaziruhusu kabisa.

Kiswahili hakikuhitaji kompyuta ili kitofautishe aina hizi mbili za hatua. Wachezaji wa bao wana mtaji, hatua yenye kula, na takasa, hatua isiyo na kula. Ningependa sana istilahi za sataranji ya kompyuta zichote hapo, lakini kwa uangalifu, kwa sababu kanuni za michezo hii miwili zinaachana mahali muhimu. Katika bao, mwenye mtaji hana hiari: lazima ale. Katika sataranji anaweza kukataa. Malkia akiweza kukila kitunda kinacholindwa, hakuna anayemlazimisha. Kwa hiyo kila hali inapoingia katika msako hadi utulivu, jambo la kwanza mashine inalofanya ni kupima alama kana kwamba mchezaji ameamua kutokula. Alama hiyo inakuwa sakafu. Ulaji unaoleta pungufu ya hapo unatupwa. Kitendo hicho naona kiitwe kubaki, na alama yake alama ya kubaki. Programu ya bao isingeweza kubaki namna hiyo palipo na mtaji. Hata kwenye sataranji kuna pale ambapo kubaki hakuruhusiwi: mfalme akiwa ameshambuliwa, ni lazima aokolewe, na mashine inapaswa kuzijaribu njia zote za kumwokoa, zenye kula na zisizo na kula.

Kuhusu neno la kwanza la istilahi, nimechagua msako badala ya utafutaji au upekuzi. Utafutaji unafaa kwa kazi nzima ya kushuka katika mti wa hatua, na ubaki huko. Msako una haraka na ukali. Unamfuata anayekimbia hadi anaposimama. Na “hadi” si pambo. Bila hiyo, “msako wa utulivu” ungesikika kama mashine imepoteza utulivu na sasa inautafuta.

Tusiutwike msako huu mzigo usio wake. Hatua nyingi nzuri kuliko zote katika mapigano ya sataranji hazili chochote: farasi anasogea kimya, na ghafla mfalme hana pa kukimbilia. Hatua ya aina hiyo ikiwa nje ya kina cha utafutaji mkuu, msako hadi utulivu hautaiona kamwe. Vilevile kuna tatizo ambalo Hans Berliner, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa sataranji ya barua, alilipa jina katika miaka ya 1970, nami naliita athari ya upeo. Askofu wa mweusi amekula kitunda a2, mweupe akasukuma kitunda chake hadi b3, na askofu amenaswa. Mashine inatoa sadaka vitunda upande wa pili wa ubao, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikimlazimisha mpinzani ajibu, ili kifo cha askofu kisukumwe nje ya upeo wa macho yake. Askofu atakufa tu, na vitunda vimekwenda. Dawa ya hapo ni kurefusha utafutaji kwenye njia zenye hatua za kulazimishwa, na kupogoa matawi yasiyo na maana ili muda upatikane. Upogoaji wa alfa-beta peke yake, hatua zikipangwa kikamilifu, unaushusha mti wa hatua 30 na kina 6 kutoka miisho 729,000,000 hadi 53,999.

Kompyuta ya sataranji Deep Blue, iliyomshinda bingwa Garry Kasparov mwaka 1997 ikipima hali zipatazo milioni 200 kwa sekunde, ilikuwa na msako hadi utulivu ndani ya chipu zake. Programu ya sataranji Stockfish, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, inao hadi leo. Tangu mwaka 2020 upimaji wake unafanywa na mtandao wa neva, na watu wanaoufunza mtandao huo huondoa kwenye mifano hali ambazo mfalme ameshambuliwa au hatua bora ni ya kula. Mtandao unafundishwa kupima hali tulivu tu, na kazi ya kuufikisha kwenye hali hizo inabaki kuwa ya msako.